Pete ya Kijani Mbele ya Mwenye Nyumba

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimesoma hadithi ya Green Lantern na Green Arrow ya mwaka 1970, ile ambayo mzee mmoja mweusi anamuuliza Green Lantern kwa nini amewahangaikia viumbe wa kila rangi huko angani lakini watu weusi hajawahi kuwashughulikia. Ilinigusa sana. Kaka yangu, ambaye naye ni mpenzi wa komiki, anasema ni unafiki mtupu: mashujaa wanamkamata mwenye nyumba mmoja, umaskini unabaki palepale, kampuni inauza nakala. Je, hadithi ile iliukabili kweli umaskini wa mjini, au iliutumia kama pambo tu? Na kama zipo zilizofanya vizuri zaidi, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na kaka yako, kwa sababu hoja yake si ya kutupa. Ni kweli mwenye nyumba anakamatwa, ni kweli umaskini unabaki, na ni kweli kampuni iliuza nakala. Lakini hebu rudi kwenye kurasa za mwisho uangalie mwenye nyumba yule anakamatwa kwa kosa gani. Humo ndimo lilimo jibu la swali lako, na humo ndimo ninamopimia hadithi zote za aina hii. Pipa la taka linalofurika, panya ngazini, taa ya barabarani iliyopasuka, hivyo mchoraji yeyote mwenye mkono mwepesi anavimaliza asubuhi moja. Mimi huwa namuuliza mwandishi kitu kimoja: jengo hili ni mali ya nani? Wengi hawana jibu, na ukiwasoma unaona hawajawahi hata kujiuliza.

Tulipitie tukio lenyewe. Toleo namba 76, la Aprili 1970, liliandikwa na Dennis O'Neil na kuchorwa na Neal Adams, chini ya mhariri Julius Schwartz. Mauzo ya Green Lantern yalikuwa yanaporomoka, na kitabu kinachokaribia kufa humpa mwandishi uhuru ambao kitabu kinachouza hakimpi. O'Neil aliwahi kuwa mwandishi wa habari gazetini, na inaonekana. Hal Jordan, ndiye Green Lantern mwenyewe, rubani mwenye pete inayotekeleza chochote anachokifikiria, anapita juu ya mji wa Star City na kumwona kijana akimkwida bwana mmoja aliyevaa suti. Anafanya alichokifanya miaka yote: anashuka, anamdhibiti kijana, anamnusuru bwana. Anategemea kushangiliwa. Umati unamrushia makopo na takataka.

Green Arrow, yaani Oliver Queen, yuko palepale na amesimama upande wa umati. Huyu naye alikuwa tajiri. Mwaka 1969, katika hadithi nyingine, O'Neil alimfilisi kwa makusudi ili awe na cha kusema mtu anapozungumzia kukosa. Anamwingiza Hal ndani ya jengo na kumweleza kwamba yule bwana aliyemnusuru anaitwa Jubal Slade, ndiye mwenye jengo, na anataka kuwatoa wapangaji wote ili pajengwe maegesho ya magari. Hapo ndipo mzee anaposogea. Amesikia habari za Hal, anasema: anawafanyia kazi wenye ngozi ya bluu, kwenye sayari fulani aliwasaidia wenye ngozi ya chungwa, na wale wa zambarau amewatendea mengi. Kuna ngozi moja tu ambayo hajawahi kuhangaika nayo, nyeusi. Kwa nini? Hal anainamisha kichwa na kusema hawezi kujibu.

Mashabiki wamelibishia swali hilo kwa zaidi ya miaka 50. Wanasema Hal ameiokoa Dunia nzima mara nyingi, na watu weusi wanaishi Dunia hiyohiyo, kwa hiyo angemwambia mzee hivyo na wakayamaliza. Kihesabu hawajakosea. Ila mzee hajauliza habari za vimondo. Anaishi kwenye jengo bovu, analipa kodi, na ameambiwa atoke. Mtu aliyeokolewa kutoka kwenye kimondo Jumatatu bado anaweza kutolewa vyombo nje Jumanne, na aliyemwokoa akawa anapita juu bila kuona. Hal ana jibu kuhusu Jumatatu. La Jumanne hana, na nadhani ndiyo maana O'Neil hakumpa neno la kujitetea, ingawa maneno ya kujitetea yalikuwepo.

Sasa njoo kwenye kukamatwa. Hal anapomvaa Slade, mabwana zake wa anga, Walinzi wa sayari ya Oa, wanamwita na kumkaripia. Kisheria wana hoja. Jengo ni la Slade, na mtu kugeuza jengo lake kuwa maegesho ya magari hakumfanyi mhalifu. Kwa hiyo O'Neil analazimika kumtafutia kosa jingine. Slade anatuma watu wamuue Green Arrow, Hal anajifanya mmoja wa wahuni hao, Slade anaropoka na kujifunga mwenyewe, anawekwa pingu. Anakwenda ndani kwa kutaka kuua. Kuwatupa wapangaji nje hakumo kwenye mashtaka kabisa. Slade angekuwa na subira kidogo, akaacha mambo ya kukodi wauaji, tingatinga lingeingia siku iliyopangwa na pete yenye nguvu kuliko zote ulimwenguni isingekuwa na la kufanya.

Kaka yako anauona huo kuwa udhaifu. Mimi nauona kuwa ndiyo habari yenyewe. Pete ya Hal inatumikia sheria, na sheria iko upande wa mwenye hati. Hadithi inalisema hilo wazi kupitia Walinzi, kisha inakwepa matokeo yake kwa kutuletea jaribio la mauaji, jambo ambalo shujaa yeyote wa katuni anajua namna ya kulishughulikia. Ni kukwepa, sikatai. Lakini aliyekwepa alikuwa amekwisha kukuonyesha anachokikwepa.

Na kulikuwa na sababu ya kukwepa. Tangu mwaka 1954 komiki za Marekani zilikuwa zinapitishwa chini ya Kanuni za Komiki, mfumo ambao wachapishaji walijiwekea wenyewe baada ya wazazi na wabunge kuja juu. Kanuni hizo zilikataza kuwaonyesha polisi, majaji, maofisa wa serikali na taasisi zenye heshima kwa namna itakayowavunjia heshima, na zilitaka uovu uadhibiwe kila mara. Zililegezwa mwaka 1971. Aprili 1970 bado zilikuwa zinabana. Hadithi ambayo mwenye nyumba anashinda kihalali na mahakama inampa haki yake ingekuwa ya kweli zaidi, ila sioni ingepitaje kwenye meza ya wakaguzi wa Kanuni na kupata muhuri wao wa idhini.

Kabla ya muhuri mambo yalikuwa mengine. Wengi wanamjua Superman mpole, rafiki wa polisi. Superman wa Jerry Siegel na Joe Shuster, aliyetokea Juni 1938, alikuwa mtu wa vurugu. Katika toleo namba 3 la Action Comics anavaa kama mchimbaji na kumfungia tajiri mwenye mgodi, pamoja na wageni wake wa karamu, ndani ya mgodi wake mwenyewe, ili waonje kilivyo kifaa cha usalama kisichofanya kazi. Kisha linakuja toleo namba 8, la Januari 1939, na hapa ndipo ningependa ukae kidogo, kwa sababu ndiyo hadithi ya shujaa wa katuni iliyouvaa mtaa wa maskini moja kwa moja kuliko zote ninazozijua.

Kijana anahukumiwa mahakamani. Mama yake analia kwamba mwanawe si mbaya, ni mtaa uliomharibu. Superman anawafuatilia wenzake, anagundua kuna mtu mzima anayewatuma kuiba na kisha kuwachomea polisi, na anamtimua mjini. Hadithi nyingine zote zingeishia hapo, maana mwovu amepatikana. Hii haiishii. Superman anaona kwamba vijana watabaki kwenye vichochoro vilevile, kisha anakutana na habari ya gazetini kuhusu mji uliokumbwa na kimbunga na serikali ikaujenga upya. Anapata wazo. Anawaambia wakazi wachukue vyombo vyao watoke, halafu anaanza kuyabomoa majengo kwa mikono. Jeshi linaletwa kumzuia. Ndege zinaangusha mabomu. Yeye anakimbia huku na huko ili mabomu yamalizie alipobakiza. Mtaa unakuwa kifusi, na serikali, kwa kuwa sasa ni eneo la maafa, inajenga nyumba mpya nzuri. Mkuu wa polisi anatangaza kwamba watamsaka Superman kwa nguvu zote, huku moyoni akikiri kwamba amefanya jambo zuri.

Hebu fikiria kitabu cha senti 10, cha watoto, kinachosema kwamba serikali hiihii ina fedha za kujenga nyumba na kinachokosekana ni kimbunga. Na wala haikuwa ndoto ya hewani. Sheria ya nyumba ya Wagner na Steagall ilikuwa imepita mwaka 1937 na kuunda mamlaka ya shirikisho ya kusaidia ujenzi wa nyumba za watu wa kipato cha chini, na Cleveland, mji ambao Siegel na Shuster walikulia, ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza Marekani kupata majengo ya namna hiyo. Vijana hao wawili waliandika walichokiona kinaanza kujengwa mjini kwao, wakakiharakisha kwa ngumi.

Lakini pima kwa kipimo changu. Jengo ni la nani? Sioni mwenye nyumba hata mmoja katika kurasa zile. Aliyekuwa akivuna kodi kwenye vyumba vile hatajwi, hadaiwi, haulizwi kitu. Na wapangaji wanaambiwa watoke, wanatoka. Hakuna aliyewauliza kama wanataka mtaa wao ubomolewe, walale wapi wakati wa ujenzi, wala nani atahakikisha kwamba watakaorudi ni wao. Historia ikaja kuyajibu maswali hayo vibaya. Baada ya sheria ya nyumba ya mwaka 1949, matingatinga ya kweli yaliingia kwenye mitaa ya maskini wa miji ya Marekani, na waliohamishwa, weusi kwa idadi kubwa, wengi hawakurudishwa. Mwandishi mweusi James Baldwin alisema mwaka 1963 kwamba kuufanya mji kuwa mpya maana yake ni kuwaondoa watu weusi. Huko St. Louis yalijengwa majengo 33 ya ghorofa 11 kila moja, Pruitt-Igoe, kwa matumaini yaleyale ya ukurasa wa mwisho wa namba 8. Serikali iliyoyajenga ilianza kuyalipua mwaka 1972. Dennis O'Neil alizaliwa St. Louis, mwaka 1939, mwaka uleule Superman alipobomoa mtaa. Simaanishi kwamba alikuwa akiwajibu Siegel na Shuster alipoandika namba 76. Ila kizazi chake kilishaona tingatinga likifanya kazi, na ndiyo maana katika hadithi yake mbomoaji ndiye adui.

Hapa niruhusu nichepuke kidogo, maana kaka yako amegusia kampuni na nakala. Siegel na Shuster walikuwa watoto wa wahamiaji Wayahudi. Baba yake Jerry Siegel alifariki mwaka 1932 wakati wa tukio la wizi dukani kwake. Shuster aliwahi kuchora kwenye karatasi za kufungia vitu kwa sababu karatasi za kuchorea zilikuwa ghali. Mwaka 1938 waliuza haki zote za Superman kwa dola 130, wakagawana. Katikati ya miaka ya 1970, wakati filamu kubwa ya Superman inaandaliwa, Siegel alikuwa hohehahe na Shuster macho yake yamefifia. Aliyesimama mbele kuwapigania, pamoja na mchoraji mwenzake Jerry Robinson, ni Neal Adams, mchoraji wa yule mzee wa namba 76. Desemba 1975 kampuni ilikubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kurudisha majina yao kwenye hadithi za Superman. Hati ya umiliki ilibaki ilipokuwa. Kwa hiyo kaka yako akisema kampuni ilineemeka kwa hadithi za maskini, mwambie ni kweli kuliko anavyodhani, na kwamba mmoja wa waliochora namba 76 alilijua hilo na hakuliacha kwenye karatasi.

Turudi kwenye mfululizo wenyewe, kwa sababu kosa kubwa ni kusoma namba 76 peke yake. Udhaifu wake mkubwa hauko kwa Slade, uko kwa mzee. Hapewi jina. Anauliza swali lake, anamwaibisha shujaa, kisha tunamwacha nyuma tukaendelea na masikitiko ya Hal Jordan, na muda si mrefu mashujaa wawili weupe wamepanda gari la wazi nyuma kuzunguka Marekani wakiutafuta ukweli. Aliyeuliza hakualikwa safarini. Hili linanikera kila ninapolisoma, na halitoki kwenye Kanuni wala kwa mhariri. Namba 77 inakwenda kwenye mji wa wachimbaji, 78 na 79 zinawagusa Wenyeji wa Amerika, na mara nyingi utasikia O'Neil akihutubia badala ya wahusika kuongea. Namba 85 na 86, za mwaka 1971, zinafichua kwamba Speedy, kijana anayelelewa na Green Arrow, ametumbukia kwenye heroini. Hizo zilisifiwa sana na zinastahili, hasa kwa sababu teja safari hii yuko nyumbani kwa shujaa na shujaa anafanya kile ambacho wazazi wengi wenye hasira hufanya: anampiga na kumfukuza.

Ila toleo ninalolipenda kuliko yote ni namba 87, la mwishoni mwa 1971, ambalo wengi hulipita haraka. Lina hadithi mbili mpya, na kwa maoni yangu zote mbili zinamjibu mzee. Ya kwanza inamleta John Stewart, anayechaguliwa kuwa mbadala wa Hal. Tunakutana naye mtaani, akiingilia kati polisi anapowasumbua watu wawili wanaocheza dhumna kando ya njia. Hapigi mtu. Anasimama mbele ya polisi, anajibu, anakataa kusogea. Kazi yake ni usanifu wa majengo, na hana ajira. Hebu litafakari chaguo hilo. Mwaka mmoja na nusu baada ya mzee kuuliza swali lake ndani ya jengo bovu, pete inampata mtu mweusi aliyesomea kujenga majengo na ambaye hakuna anayemwajiri ayajenge. O'Neil na Adams hawakulifafanua hilo. Hata hotuba hawakuliwekea, jambo ambalo kwa O'Neil ni muujiza.

Ya pili iliandikwa na Elliot S. Maggin, aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu. Oliver Queen anaombwa agombee umeya wa Star City. Anawapigia simu mashujaa wenzake mmoja mmoja kuwauliza wanaonaje, na wanamkatisha tamaa. Kisha zinazuka ghasia mtaani, mtoto anapigwa risasi, na Oliver anambeba mikononi mpaka hospitali. Mtoto anafariki. Mishale yote iliyomo kwenye podo lake haikufaa kitu. Anaamua kugombea. Hapo ndipo komiki hizi zilipokaribia zaidi kusema kwamba kodi, notisi na vibali vya kubomoa vinaamuliwa ofisini, na anayetaka kuvigusa lazima aingie ofisi hiyo. Mfululizo ulikatishwa kwa namba 89, mwaka 1972, pamoja na sifa zote za magazetini. Oliver alikuja kuwa meya mwaka 2006, chini ya waandishi wengine, na wakati huo ilikuwa ni mkasa mwingine tu katika maisha ya shujaa mwenye mikasa mingi.

Umeuliza kuhusu umaskini, lakini barua yako inaonyesha kwamba kilichokugusa ni kukata tamaa kwa yule mzee. Kwa upande huo nakupeleka kwa Daredevil. Mwaka 1986, kuanzia namba 227 hadi 233, Frank Miller na mchoraji David Mazzucchelli walisimulia jinsi Kingpin, tajiri wa uhalifu, anavyolipata jina halisi la Daredevil, wakili Matt Murdock. Hamtumii muuaji kwanza. Anamtumia barua. Benki inasema malipo ya nyumba hayajafika. Mamlaka ya kodi inazuia akaunti zake. Polisi mmoja anatoa ushahidi wa uongo, na leseni ya uwakili inaondoka. Murdock, anayeweza kusikia mapigo ya moyo ya mtu wa chumba cha pili, anashika bahasha mkononi asijue ampige nani. Nyumba inalipuliwa, analala hoteli ya bei ya chini, kisha mtaani, na akili inaanza kumtoka: anamshuku kila mtu, hata rafiki aliyebaki. Hakuna komiki iliyonionyesha vizuri zaidi kwamba kufilisika huanza na makaratasi, na kwamba mtu anayepoteza nyumba hupoteza na uwezo wa kumwamini anayetaka kumsaidia. Kasoro yake ni kwamba umaskini humo ni shimo analotumbukizwa mwanasheria na kutoka. Waliozaliwa shimoni ni watu wa kupita nyuma ya picha. Ann Nocenti, aliyekuja kuuandika mfululizo huo baadaye, aliirekebisha kasoro hiyo kwa kiasi: Murdock na mpenzi wake Karen Page wanaendesha kituo cha msaada wa bure Hell's Kitchen, mtaa wa New York, na watoto wa mtaa wanapewa nafasi ya kuongea kwa lugha yao.

Kuna watakaokuambia usome pia safari ya Superman kwa miguu kuvuka Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2010 na mwandishi J. Michael Straczynski. Sikushauri. Ina tukio moja zuri mwanzoni, la mwanamke aliyesimama ukingoni mwa jengo refu akitaka kujirusha na Superman anakaa naye hewani mpaka usiku, akimsikiliza. Lakini Grant Morrison na Frank Quitely walikwisha kulifanya jambo la aina hiyo mwaka 2008, kwa ukurasa mmoja, katika namba 10 ya All-Star Superman, na ukurasa huo umewasaidia wasomaji wengi kuliko ile safari nzima. Superman anayepita mji hadi mji akiwapa maskini nasaha ni mgeni. Anaondoka kesho.

Sasa jibu la sehemu ya mwisho ya swali lako. Iliyofanya vizuri zaidi, kwa kipimo changu, ni Icon, iliyoanza Mei 1993, ya mwandishi Dwayne McDuffie na mchoraji M. D. Bright. Ilitolewa na Milestone, kampuni iliyoanzishwa na wasanii na wachapishaji weusi. DC, kampuni ileile ya Superman na Green Lantern, iliwachapia na kusambaza, lakini wahusika walibaki mali ya Milestone. Nadhani unaona kwa nini nalitaja hilo. Raquel Ervin ni msichana wa miaka 15, mkazi wa Paris Island, sehemu ya maskini ya mji wa Dakota, ambaye ndoto yake ni kuwa mwandishi. Anafuatana na vijana wenzake kwenda kuiba kwenye jumba la wakili tajiri mweusi, Augustus Freeman. Wakili huyo ni kiumbe kutoka sayari nyingine aliyetua kusini mwa Marekani mwaka 1839, akachukua sura ya mtoto wa watumwa, na tangu hapo amejificha. Ana nguvu kama za Superman na msimamo wa kihafidhina: kila mtu ajikwamue mwenyewe, yeye aliweza.

Raquel anarudi kwake mchana, safari hii kupitia mlango wa mbele, na kumwambia awe shujaa, ndiye Icon, na yeye Raquel awe msaidizi wake. Linganisha na mzee wa 1970. Mzee aliuliza na kuachwa. Raquel anauliza, na hadithi inabaki kwake: yeye ndiye msimulizi, yeye ndiye mwenye wazo la ushujaa, na tajiri ndiye mwanafunzi ingawa hajijui. Wanapotoka mara ya kwanza kwenda kusaidia, polisi wanawaelekezea bunduki. Freeman anashangaa. Raquel, aliyekulia Paris Island, hashangai. Baadaye kidogo anagundua ni mjamzito, na hilo halitatuliwi kwa kipigo wala kwa mionzi. Kuna mabishano marefu kati ya wawili hao kuhusu nani anawajibika kwa nani, na McDuffie hampi yeyote ushindi wa bure. Freeman ana hoja zake, na baadhi zinauma kwa sababu ni za kweli.

Kwa hiyo soma hivi. Namba 76 umekwisha kuisoma. Ruka hadi 85, 86 na 87, na ile hadithi ya pili ya 87 isome taratibu. Kisha rudi kwenye Action Comics namba 8, ni fupi na imekwisha kuchapishwa upya mara nyingi kwenye mikusanyiko ya Superman wa mwanzo. Daredevil iweke katikati, wakati ambao mambo yako mwenyewe yametulia, maana ni nzito. Malizia na Icon, ambayo ilitoka matoleo 42 hadi mwaka 1997. Soma kuanzia la kwanza mpaka Raquel anapojifungua. Ukifika hapo utaamua mwenyewe kama unaendelea na yaliyobaki.